Jinsi ya kutoa gari ya mashindano Kisumu mpaka Nairobi bila kuifikisha ikiwa skrapa

Nimeulizwa hii kitu mara nyingi na vijana wa chuo wa mwaka wa pili na wa tatu wanaojenga hizi gari ndogo za betri za mashindano, ati "mkubwa, nyinyi mlifikishaje yenu Nairobi ikiwa nzima?", na kila mara naanza kueleza kwa simu nachoka katikati ju ni stori ndefu, basi wacha niandike yote mara moja alafu akiuliza mwingine namtumia hii. Ukweli ni kwamba haikufika ikiwa nzima. Mara ya kwanza ilifika usukani umelegea, chaja imebaki Kisumu na watu wawili wametapika. Mara ya pili ilifika poa, na si ati tulikuwa na pesa zaidi, tulikuwa nazo kidogo hata kuliko mwaka wa kwanza, ni venye tulianza kuhesabu barabara kama sehemu ya mashindano.

Hebu fikiria. Mnakesha miezi sita wokshopu mkipigana na mota na cheni, fremu mnaifanya nyembamba ndio isiwe nzito, magurudumu ni ya baiskeli, kila kitu kimepimwa cha kukimbia kwa lami laini. Alafu siku ya mwisho mnaitupa nyuma ya pikapu na kuipigisha bampu kwa kilomita 350. Uwanjani itazunguka labda dakika arobaini, barabarani itatetemeka masaa saba au nane, na hakuna mtu aliyewahi kuipima kwa hiyo.

Barua, pesa, na gari ya kubeba gari

Anza na barua, wiki tatu kabla, ju kupata sahihi chuoni si mchezo. Iwe na muhuri, majina ya wote na nambari za vitambulisho, na iseme wazi mnabeba nini: gari la majaribio la umeme, halina usajili, halitaendeshwa barabarani. Hiyo ya mwisho ni muhimu. Gari yenu haina plate kwa hivyo haigusi lami ya serikali hata kidogo, hata ile mita mia mbili ya kutoka geti mpaka stesheni ya petroli kupigwa picha. Na kama kuna mtu amewaambia mtachomelewa trela pale Kibuye muivute tu nyuma ya basi, trela nayo inatakiwa kusajiliwa na kuwa na plate yake, achana na hiyo maneno. Beba juu ya kitu.

Sisi tulisimamishwa kwa kizuizi, afande akainua turubai akaona waya za rangi tano, sanduku la betri na ile swichi kubwa nyekundu ya dharura, akarudi nyuma hatua mbili akauliza pole pole, "hii ni ya kufanya nini?" Kijana wetu wa umeme, na alikuwa na nia nzuri, akaanza kumweleza vile kontrola inapeleka mkondo kwa mota, na kila akitaja neno jipya afande anazidi kukunja uso. Patroni, yaani mlezi wa timu, akamwambia nyamaza, akatoa barua, afande akasoma mpaka chini, akacheka, akauliza inakimbia kilomita ngapi. Dakika tatu tukawa tumeenda. Barua ikae kwa dashibodi ya gari inayobeba mzigo, si kwa begi ya mtu aliye kwa basi lingine.

Pesa sasa. Kama chuo kinawapa impresti, yaani pesa ya safari mnayopewa mapema, jua kuna siku ya kuisarenda, yaani kurudisha hesabu yake, na ofisi ya fedha itataka risiti za ETR, zile za mashine ya kodi, na mama wa mandazi hana ETR. Kwa hivyo mweka hazina awe na daftari dogo, kila kitu cha mkononi kiandikwe, tarehe, kiasi, aliyepokea atie sahihi, na risiti zote zipigwe picha hapo hapo zitumwe kwa grupu ya WhatsApp kabla hazijafutika wino, ju zile karatasi zikikaa kwa mfuko wa suruali siku mbili zinakuwa nyeupe kama sahani. Na mpange kana kwamba impresti itachelewa. Kuwa na kitu kidogo mmechanga wenyewe cha kununua mafuta ya kufika angalau Nakuru.

Mafuta ni hesabu ya darasa la sita lakini watu hukisia. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 700, ongeza 60 za kuzunguka Nairobi ju lazima mtatumwa duka la vifaa mjini, hiyo ni 760. Gari inayokula lita moja kwa kilomita 9 itataka lita 84 na kitu. Sasa uzidishe na bei, na bei uangalie ile EPRA, mamlaka ya kawi, inatangaza tarehe 14 ya kila mwezi, ju inaanza kutumika kesho yake, na kama safari yenu ni tarehe 16 na bajeti mliandika tarehe 2, shauri yenu.

Gari ya kubeba: ukipata kanta, ile lori ndogo, ya bodi iliyofungwa chukua hiyo ufunge macho, ju Kericho mvua ya mchana ni kitu cha kawaida tu na turubai haijawahi kushinda mvua ya Kericho. Ukikosa, pikapu ya kabini moja. Pima bodi kwa tepu, usiulize dereva, dereva atakwambia "itaingia tu". Kama pua au mkia wa gari utatokeza nje, funga kitambaa chekundu mwisho kabisa mahali wa nyuma ataona. Na mtu asikae nyuma na mzigo "kuushikilia". Kama mzigo unahitaji kushikiliwa na binadamu basi haujafungwa.

Dereva mmoja kwa safari yote mimi sikubali tena. Sheria ya trafiki inasema dereva wa gari la abiria au la biashara asipitishe masaa 8 ya kuendesha kwa masaa 24, na mkibeba kitu laini mnaenda pole pole, ukiongeza malori na ujenzi wa kupanua ile barabara ya Rironi mpaka Mau Summit mnafika karibu na hayo 8 bila kujua. Mzee wa chuo aliyetupeleka mara ya kwanza alikuwa mtu mpole sana, lakini tukifika Limuru nilikuwa namwona anapepesa macho, na sisi wote nyuma tumelala, hakuna hata mmoja wa kumwongelesha. Siku hizi tuna ratiba ya nani anakaa mbele na dereva, masaa mawili mawili, na kazi yako ni stori tu.

Kupakia

Hapa ndio nitakaa, ju hapa ndio mashindano hupotelea.

Pakia mara mbili. Namaanisha wiki moja kabla mfunge kila kitu kabisa kama mnaenda, gari, maboksi, zana, hata magodoro, alafu mtoke nayo mwendo wa nusu saa mahali kuna bampu za kutosha, sisi tulienda Mamboleo tukapanda ule mlima wa Riat mpaka Kiboswa tukarudi, mfike wokshopu mfungue mwangalie nini kimelegea. Mtaona aibu. Sisi tulipata skrubu nne kwa sakafu ya pikapu na hakuna aliyejua zimetoka wapi, tukachukua siku nzima kutafuta mashimo yake.

Kabla ya kupakia pitia kila nati na rangi. Chukua ile rangi ya kucha, nyekundu au nyeupe, uombe wasichana wa timu au ununue, ni bei ya soda. Ukishakaza nati yako vile inatakiwa, chora mstari mmoja unaoanzia kwa nati unapita mpaka kwa chuma. Mstari ukiwa umenyooka nati haijasonga. Mstari ukikatika, hata nusu milimita, imezunguka. Hauhitaji spana kukagua, unahitaji tochi ya simu tu, na mtu mmoja anaweza kuangalia nati arobaini kwa dakika tano dereva akiwa anakunywa chai.

Hiyo tuliijulia Kericho. Rangi tulikuwa tumepaka sehemu ya mbele peke yake, ni mtoto wa mwaka wa kwanza alitoa hiyo wazo tukamcheka kidogo. Tumesimama petroli, kuna kamvua ka kunyunyiza, mimi nainua kona ya turubai kutafuta sweta yangu, na ile taa ya simu ikapiga kwa mkono wa usukani upande wa kushoto nikaona mistari miwili haikutani. Nikashika nati kwa vidole, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Ilikuwa imebaki na nyuzi mbili ianguke. Kumbe usiku wa kabla, saa nane hivi, zile nati zenye plastiki ndani zilikuwa zimeisha mtu akaweka ya kawaida "kwa sasa", na "kwa sasa" ikasafiri mpaka Kericho. Fundi wa baiskeli kando ya barabara akatuuzia nati ya kumi na tatu na washa ya kuuma, akakaza yeye mwenyewe, akatuangalia na akauliza kama tunajua tunaenda wapi na hiyo kitu. Nati nyingine ilikuwa imelegea nyuma kwa beringi, hiyo hatukuiona ju huko hatukupaka, tuliijua tu Nairobi usukani ukianza kucheza.

Kwa hivyo: nati zenye plastiki kila mahali panatetemeka, zikishafunguliwa mara kadhaa badilisha, na zile haziwezi kuwekwa hizo tia gundi ya nyuzi, ile ya bluu inayofunguka kwa spana, si ile nyekundu ambayo utaifungua kwa moto.

Sasa kufunga yenyewe. Gari isisimame kwa magurudumu yake. Toa magurudumu, yafunge kwa blanketi yapande kwa kabini, alafu fremu ikae juu ya vipande vya mbao mlivyokata kwa umbo lake, na chini ya mbao godoro kuukuu la inchi mbili. Ikiwa lazima ibaki na magurudumu basi mbao zibebe uzito, magurudumu yaguse tu. Usukani ufungwe usigeuke, cheni itolewe au ifungwe isipigepige. Mikanda ile ya lori ya kukaza kwa racheti ndio ishike fremu, minne, kila kona ikivuta chini na nje, na ipite kwa chuma kikubwa cha fremu, isipite juu ya ganda la fibaglasi na isipite juu ya mkono wa usukani ati ju hapo ndio kuna nafasi. Mwanaume mmoja mwenye nguvu na racheti moja anaweza kupinda fremu yenu mkitazama. Kaza mpaka isisonge ukiisukuma kwa goti, basi.

Blada, zile kamba za mpira, najua kila mtu anazipenda, zinafunga kuku zinafunga kitanda zinafunga hata jeneza, lakini blada inavutika, na kitu kinachovutika kinaruka kila bampu alafu kinarudi na nguvu. Blada ni za maboksi na magodoro. Gari ni mikanda.

Maboksi yawe na nambari na kila boksi na mwenyewe. Yangu ilikuwa boksi 3, nikiulizwa multimita iko wapi usiku wa manane nilikuwa najibu nikiwa usingizini. Karatasi ya vilivyomo ibandikwe ndani ya kifuniko, na ukitoa kitu unakirudisha hapo, hakuna mambo ya "nitaweka baadaye". Kinachohitajika kwanza mkifika kinapakiwa mwisho, yaani jeki, funguo za aleni, pampu, tepu ya umeme, zip tai, tochi na kijitabu cha sheria kilichochapishwa kwa karatasi, ju intaneti ya uwanjani haiaminiki watu wote wakiingia.

Na kuna chaja. Kila timu inaacha kitu kimoja na karibu kila mara ni kile kilichokuwa kinatumika mpaka dakika ya mwisho. Yetu ilibaki ukutani imechomekwa, taa ya kijani inawaka, na sisi tuko Nakuru tunakula chapo. Tulimpigia teknishiani, Mungu ambariki, akaichomoa, akaifunga kwa sweta yake akaipeleka stegi ikapanda basi la usiku kama pasel, tukaichukua mjini saa kumi na moja asubuhi siku ya ukaguzi. Tangu hapo kuna mtu mmoja, na awe yule mwenye roho ngumu, ambaye kazi yake ni kubaki nyuma wote wakishapanda, azunguke wokshopu akiangalia soketi zote za ukuta na chini ya meza zote, ndio yeye apande wa mwisho.

Betri

Hii sehemu sifanyi mzaha. Betri ya lithiamu isafiri ikiwa karibu nusu, volti 3.8 kwa kila seli, si ikiwa imejaa 4.2. Pakiti ya seli 13 hapo itasoma kama volti 49.4, ikijaa ni 54.6. Ikiwa nusu na kitu kibaya kikitokea, moto wake unakuwa mdogo. Ichomolewe kwa gari kabisa, ncha zake zifunikwe kwa tepu kila moja peke yake, ikae kwa sanduku lake mwenyewe lisilofungwa kukazwa kama mtungi, na ndani ya hilo sanduku kusiwe na spana, skrubu wala sarafu. Nimeona kijana ameweka betri na bisibisi kwa begi moja la shule. Tulimnyang'anya hilo begi kama polisi.

Isikae chini ya viti vya watu na isiachwe kwa gari iliyofungwa madirisha juani mkienda kula. Ikianza kuvimba, kunuka tamu tamu au kutoa moshi, simamisha gari, wote watoke, msogee mbali upande upepo unatoka, na hakuna shujaa wa kurudi kuchukua laptopu. Mtungi wa kuzima moto wa unga utazima ndimi za moto lakini joto linabaki ndani ya seli na linaweza kuwasha tena, kinachopoza ni maji mengi. Kama ni zile betri za asidi kama za gari, shida yake ni nyingine, zisimame wima, zisilale, na zisiwe juu ya magodoro mtakayolalia.

Mkifika piga hesabu ya kuchaji mapema. Betri ya 20Ah ikiwa nusu, na chaja ya ampea 5, ni masaa mawili na kidogo. Usingoje asubuhi, kutakuwa na foleni ya soketi.

Barabara yenyewe

Tokeni Kisumu saa kumi na moja na nusu asubuhi, mkisema kumi na moja ndio watu watafika kumi na moja na nusu. Simama Ahero hata kama kila mtu analalamika ndio tumetoka tu. Mikanda mipya na mizigo mipya hujipanga katika zile kilomita ishirini za kwanza, na utashangaa racheti zote nne zinakubali kubanwa tena mara mbili tatu. Hapo msinunue kitu, kazeni mwende.

Awasi, Kipsitet, Kapsoit, hapo ni kupanda na bampu, dereva aambiwe mapema kwamba bampu zinavukwa karibu kusimama, na si bampu moja moja tu, hata zile ndogo za mistari mistari ndio mbaya zaidi kwa nati ju zinatetemesha haraka haraka. Kericho simama chai na ukaguzi wa rangi. Wanaotapika wakae mbele, wasiangalie simu, na mwenzangu mmoja anaapa kwa kipande cha tangawizi mdomoni, mimi naapa kwa kutokula mayai ya kuchemsha saa kumi alfajiri.

Kutoka hapo mnapanda kupitia Londiani mpaka Mau Summit. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Mau Summit mko zaidi ya mita 2,400, na watoto wa Kisumu huwa wamevaa tishati. Sweta ziwe mkononi si chini ya maboksi. Jueni pia magurudumu mliyojaza upepo kwa joto la Kisumu hayatasoma vile vile mkifika, baridi inashusha, mwinuko unapandisha, usikisie, pima upya uwanjani.

Alafu Sachangwan kuteremka Salgaa. Mtu yeyote wa huku anajua hiyo sehemu, Januari 2009 lori la mafuta lilishika moto Sachangwan watu zaidi ya mia moja wakafa, na mwisho wa 2017 kuna ajali ya Migaa ilichukua 36. Malori yanashuka hapo na mengine breki zimechoka. Dereva ashuke na gia, si na breki peke yake, asifuate lori karibu na asikimbizane na mtu. Kama mwenye basi la mbele anasema mnachelewa, mwambieni mtakutana Nakuru.

Nakuru ndio mapumziko marefu, dakika arobaini na tano, chakula cha kweli, msalani, dereva abadilishwe, mtu mmoja abaki na gari kila wakati na aletewe chake. Nakuru pia ndio mji wa mwisho mnaweza kununua kitu mmesahau bila kupigana na jam ya Nairobi, hardware ziko karibu karibu. Mkitoka hapo mtapita Kikopey na ile harufu ya nyama choma itaingia mpaka kwa roho, na mweka hazina atafute kitu cha kuangalia upande ule mwingine. Kama mmebeba kwa kanta, Gilgil kuna mizani, fuateni maelekezo tu. Naivasha, kupanda, Limuru, na mkijipanga vizuri mko Kangemi kabla saa kumi jioni. Baada ya hapo Waiyaki Way si barabara tena, ni maegesho.

Kama mashindano ni Ijumaa asubuhi, safiri Jumatano. Najua chuo kitasema mnaongeza usiku mmoja wa malazi. Ongezeni. Andikeni kwa bajeti kwamba ni siku ya kutengeneza kilichovunjika, ju kitakuwepo.

Mkifika

Fungua gari kabla ya kuoga, kabla ya kula, kabla ya kupiga selfi getini. Tochi, mistari ya rangi, moja baada ya nyingine, nani amekagua nini kiandikwe. Rudisha magurudumu, zungusha kila moja kwa mkono usikilize, beringi iliyopata mchanga inaongea. Pima upepo. Kaza breki uisukume gari watu wawili, isisonge.

Ukaguzi ndio unawatoa watu machozi na si mota. Kwa mfano sheria za Shell Eco-marathon, yale mashindano ya kimataifa ya gari zinazotumia nishati kidogo, ambazo hata kama hauendi huko ni nzuri kusoma ndio ujue wakaguzi wanafikiria vipi, zinataka dereva wa gari la aina ya prototaipu awe na angalau kilo 50, akipungua anaongezewa uzito, na aweze kutoka mwenyewe ndani ya sekunde 10. Dereva wetu ni msichana wa kilo 46. Uzito wa kuongeza tulibeba kutoka Kisumu mara ya kwanza, mfuko wa mchanga, kilomita 350, ati mchanga. Mara ya pili tulibeba mfuko mtupu wenye zipu tukajaza huko. Kuhusu zile sekunde, fanyeni mazoezi akiwa na helmeti na viatu vya siku yenyewe, na mikanda imefungwa, hata kwa kiti cha basi mkiwa mmesimama Nakuru, sisi tulifanya abiria wa pale wakafikiri ni kanisa.

Usiku msiache chochote ndani ya gari mlilokuja nalo. Gari ya mashindano ilale mahali kuna kufuli na kuna soja, na watu wawili wa timu walale karibu kama inaruhusiwa. Kila mtu awe na kitambulisho, kadi ya chuo na nambari yake ya SHA, ile ya bima ya afya, imeandikwa kwa daftari la patroni.

Kurudi

Watu hupakia kurudi kama wanaotupa takataka. Mmechoka, mmeshinda au mmeshindwa, kila mtu anataka nyumbani, na mtu atasema twende usiku tufike asubuhi. Laleni. Betri ishushwe tena mpaka nusu, mikanda minne, rangi, kila kitu vile vile, ju hii gari mnaihitaji mwaka ujao. Elektroniki ziwekwe kwa mifuko ya plastiki iliyofungwa na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, ju zimetoka baridi ya Mau zinashuka kwa joto na unyevu wa Kisumu, na mkifungua haraka maji yanashika kwa bodi za umeme kama kwa chupa ya soda kutoka friji. Acheni mifuko imefungwa mpaka asubuhi.

Na Soko Mjinga lazima mtasimama, hakuna timu ya magharibi inapita pale na mikono mitupu, viazi ni rahisi na kila mtu ana mama nyumbani. Sawa. Lakini mwaka wa kwanza gunia moja la mweka hazina lilikosa nafasi kwa basi likapandishwa pikapu, likawekwa "kidogo tu" juu ya ganda la fibaglasi, na mpaka leo ile gari iko kona ya wokshopu, ukipita mkono juu ya pua yake utahisi viazi, kimoja kimoja.